Ulimi wa Maximilla Ndani ya Kompyuta

Itangazwe kwa wote wenye miwa na wasio na miwa, kuanzia Lurambi hadi msitu wa Buyangu, kwa waliopata digrii na kwa waliofukuzwa kabla ya kuipata, kwamba mwaka wa 1995, mwezi wa pili, siku ya Ijumaa, saa nne na robo asubuhi, ulimi wa mwanamke mmoja wa Kakamega utaonyeshwa hadharani ukiwa umeunganishwa kwa waya na kompyuta mbili. Mkurugenzi atatoka Nairobi. Padri ataomba mwanzoni na mchungaji ataomba mwishoni, ili Mungu asichanganyikiwe. Kuku kumi na wawili wamekwisha kukamatwa.

Mwenye ulimi huo, Maximilla Navalayo, au Mama Sellah kama alivyoitwa kiwandani, aliposomewa tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mizani, aliuliza kama kutakuwa na chai.

Maximilla alikuwa mkaguzi wa miwa katika Kiwanda cha Sukari cha Lukhokho, kiwanda kidogo chenye bomba moja la moshi na mameneja saba. Hakuzaliwa mkaguzi. Alianza kwa kufagia ua, akiinama nyuma ya matrela na ufagio wa vijiti, na huenda angefagia hadi leo kama kifaa cha kupimia utamu wa miwa kisingeharibika mwaka wa 1983. Kilikuwa kifaa cha kioo, kilichofungwa kwenye sanduku kama maiti ya mfalme. Fundi alikifungua, akakisifu sana, akashindwa kukifunga. Wiki hiyo hiyo Maximilla aliokota kipande cha muwa kilichoanguka kutoka kwenye trela, akakitafuna, akamwambia dereva, "Rudisha hii. Hii ni maji." Dereva akamcheka mpaka akashikilia usukani. Miwa ile ilipoenda kusagwa, haikutoa sukari, ikatoa kitu kama uji wa mgonjwa. Kesho yake Maximilla alinyang'anywa ufagio na kupewa koti la kijani, kadi na penseli.

Alikuwa na utaratibu wake. Anaingia shambani hadi katikati, anachagua muwa mmoja, anaugonga kwa mgongo wa panga na kuusikiliza, kama daktari na kifua cha mzee mvuta sigara. Anakata pingili ya tatu kutoka chini, anaimenya kwa meno, anatafuna akiwa amefumba macho, maji yanamtiririka kidevuni, yanapita shingoni, yanaingia kwenye koti. Anatema makapi upande wa kushoto. Anajifuta kwa kiwiko. Kisha anaandika neno moja kwenye kadi: TAYARI au BADO. Meneja mmoja aliyependa takwimu aliwahi kumwomba aongeze asilimia. Akaandika: "BADO asilimia."

Kwa miaka kumi na moja alijaza kadi elfu nne na kupoteza meno kumi na mawili, yote upande wa kulia. Mameneja saba wakakaa kikao na kugundua jambo la kutisha: mama huyu angestaafu Juni, na ujuzi wote wa kiwanda ulikuwa ndani ya mdomo wake, na mdomo wenyewe ulikuwa unabomoka.

Ndipo akaletwa Bwana Lusweti, kijana wa Lugari ambaye baba yake alilima mahindi kwenye shamba lililokuwa la mzungu, na ambaye yeye mwenyewe alitoka kusoma Uingereza na shahada ya pili, koti la baridi asilolivua hata Januari, na wazo. Aliwakusanya wafanyakazi penye mizani awaeleze wazo hilo kwa lugha rahisi, jambo lililomchukua saa mbili.

"Kompyuta ziko namna mbili," alisema. "Kuna ya amri. Hiyo unaiambia fanya hivi, usifanye vile. Haitafanya kingine hata nyumba ikiungua."

"Kama askari wa geti," akasema Barnaba Shikanga, msimamizi wa mashamba, mtu mnene aliyecheka kabla ya wengine ili awaonyeshe mahali pa kuchekea.

"Hivyo hivyo. Halafu kuna ya kujifunza. Hii huipi sheria yoyote. Unaionyesha mifano tu. Inakisia, unaiambia umekosea, inakisia tena, mara elfu mia, mpaka inapata. Lakini ukiiuliza imejuaje, haiwezi kukueleza. Inajua tu."

"Hiyo ni bibi yangu," akasema Barnaba.

"Sasa ya amri ina nidhamu lakini haina akili. Ya kujifunza ina akili lakini haina nidhamu. Mimi nitazioza. Mwanafunzi ataamua kama muwa umekomaa, kama Mama Sellah anavyoamua. Askari ataangalia sheria: umri wa muwa, zamu za trekta, nani amefuata nani. Wakikubaliana wote wawili, kibali cha kukata kinatoka hapo kwenye printa. Bila kuguswa na mkono wa binadamu!"

Maximilla akainua mkono. "Hiyo ya kujifunza, iko na meno?"

"Haina, Mama. Itatumia kadi zako."

"Basi haitaonja. Itasoma tu."

Lusweti akacheka kwa upole, akaliandika hilo kwenye daftari lake chini ya kichwa cha habari "Upinzani wa Wenyeji".

Kompyuta mbili zikawekwa juu ya meza moja, zikafunikwa vitambaa vya kufuma na katibu wa ofisi, na kuunganishwa kwa waya mnene. Kadi elfu nne zikachapwa moja moja: aina ya mbegu, mwezi wa kupandwa, mvua, udongo, nambari ya shamba, na mwishoni neno la Maximilla. Mwanafunzi akaachiwa ajifunze. Siku tisa alikisia, akakosea, akarekebishwa, huku feni mbili zikimpepea na wafanyakazi wakipita dirishani kumtazama, kwa sababu hapo kiwandani hakuna aliyewahi kupepewa. Siku ya kumi wakamjaribu kwa kadi mia asizowahi kuziona. Tisini na saba alijibu sawasawa na Maximilla. Lusweti aliruka juu, koti likampanda kichwani.

Kuanzia hapo Mwanafunzi na Askari wakaachiwa kazi. Maximilla akapewa kiti kando ya meza, akae hapo mpaka Juni, kama mzazi aliyesindikiza mtoto shuleni siku ya kwanza na kusahauliwa darasani.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Lusweti hakuambiwa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba ni jambo.

Maximilla alikuwa na mabinti watatu. Sellah aliolewa na Joash. Pascalia aliolewa na Patroba. Wakwe hao wote wawili walikuwa wakulima wa miwa wa kiwanda hicho hicho. Na kila mtu aliyelelewa Kakamega, hata aliyelelewa vibaya, anajua kwamba mama mkwe na mume wa binti yake hawasogeleani ovyo. Hawapeani mikono. Hawali mmoja mbele ya mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kichakani. Sasa Maximilla aende shambani kwa Joash, asimame katikati ya mali ya mkwe wake, afumbe macho, atafune, maji yamtiririke mpaka kifuani, kisha ateme makapi? Joash akiwa amesimama pale na jembe? Afadhali apite sokoni bila nguo, tena siku ya soko.

Kwa hiyo miaka yote, alipofika kwa Joash au kwa Patroba, alisimama barabarani, akatazama upande mwingine, akaandika BADO, akaenda zake. Kadi ikifika kwa Barnaba, Barnaba haulizi. Anapanda baiskeli, anaenda mwenyewe, anatafuna, anaandika kibali nyuma ya pakiti ya sigara, na muwa unakatwa. Hawakuwahi kuongea neno juu ya hilo. Kadi ziliingia kwenye faili. Pakiti za sigara ziliingia motoni.

Na Mwanafunzi alisomeshwa faili.

Desemba, muwa wa Joash ulitimiza miezi ishirini na mbili. Mwanafunzi akasema BADO. Wa Patroba, BADO. Barnaba akaja ofisini na pakiti yake ya sigara, kama kawaida, akaisimamisha mbele ya Askari.

"Niandikie hapo Joash na Patroba."

"Siwezi, Mzee," alisema Lusweti. "Hakuna kibali bila neno la Mwanafunzi. Ndiyo sheria ya Askari."

"Lakini hawa tunafanyanga hivi kila mwaka."

"Mlikuwa mnafanya. Kwa nini?"

Barnaba akamtazama Maximilla kwenye kiti chake. Maximilla alikuwa anahesabu mabati ya dari. Utaanzaje kumtajia mtu wakwe zake mbele yake, na mbele ya kijana aliyevaa koti? Barnaba akakohoa, akasema jua ni kali, akaondoka.

Lusweti hakulala vizuri tena, lakini kwa furaha. Mashamba matatu, hayo mawili na lingine moja la Lurambi, yalikuwa na muwa mzee, mbegu nzuri, mvua ya kutosha, na bado Mwanafunzi aliyakataa. Ni lazima ameona kitu! Akaanza kuandika makala iitwayo "Ukomavu Uliofichika katika Udongo wa Magharibi". Akaleta mtaalamu wa udongo, akachimba shimo kwa Joash, refu, la pembe nne, lenye kingo nyoofu. Kufikia saa nane majirani walikuwa wamekuja na viti na sufuria, wakiuliza ni nani amefariki.

Jioni hiyo Sellah alifika kwa mama yake amefura.

"Mama, mashine yako inatumaliza."

"Si yangu."

"Wanasema iko na akili yako! Muwa umetoa maua. Ukizidi kucheleweshwa utakuwa kuni tu, tutakata nini? Jasho la miaka miwili hilo. Si uende tu, Mama, uonje mara moja, uambie hiyo kitu imekosea?"

Maximilla akamtazama binti yake. Akaendelea kumtazama. Sellah akaomba msamaha, akachukua mtungi, akaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Lakini usingizi wa Maximilla haukuharibiwa na Joash peke yake. Uliharibiwa zaidi na shamba la tatu. Hilo lilikuwa la Jairus Osiako wa Lurambi, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyerithi ekari mbili, baiskeli na upole. Jairus hakuwa na mke. Hakuwa mkwe wa mtu. Ila mwezi wa nne mwaka uliotangulia, Maximilla akipita kwenda kukagua muwa wake, aliona sweta nyekundu imeanikwa kwenye ua wa Jairus, na sweta hiyo aliifuma mwenyewe, kwa mikono yake, kwa ajili ya kitindamimba wake Mitchel. Ilikuwa imefuliwa vizuri. Maximilla hakumwambia Mitchel. Hakumwambia mumewe, Were. Alisimama palepale barabarani, akatazama upande mwingine, akaandika BADO. Alirudi mara sita mwaka huo, na mara sita akaandika hivyo hivyo. Mitchel na Jairus walikuwa na hakika kwamba duniani hakuna anayejua. Kulikuwa na watu wawili waliojua: Maximilla, na Mwanafunzi.

Ijumaa ikafika. Mkurugenzi alishuka garini na tai mbili, moja shingoni na nyingine kwenye mkoba, endapo ya kwanza ingepatwa na mchuzi. Wakulima walijaa ofisini na kumwagika mpaka kwenye varanda. Joash na Patroba, kwa adabu, walibaki nje nyuma ya trekta. Were alikaa nyuma kabisa na kofia magotini. Jairus alisimama karibu na mlango. Mitchel, pamoja na wasichana wengine, alikuwa anamimina chai. Maximilla alikuwa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza koti lake la kijani lilikuwa limepigwa pasi, likasimama peke yake kama mtu wa pili.

Baada ya padri, Lusweti akatandaza ramani yenye misalaba mitatu ya wino mwekundu.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, haya mashamba matatu binadamu angeyakata zamani. Mfumo umekataa. Umeona kitu ambacho sisi hatukioni!"

"Yaani mashine imemshinda binadamu?" aliuliza Mkurugenzi, akimgeukia mpiga picha ili swali litoke vizuri.

Kutoka upande wa dirisha kikasikika kitu kama tairi la trekta linalotoa upepo. Alikuwa Barnaba. Alikuwa amekizuia kicheko tangu Desemba, na sasa kiliachia.

"Mheshimiwa, nisamehe. Hakuna kitu kwa udongo. Hao ni wakwe."

"Wakwe wa nani?"

"Wa huyu Mama Sellah. Mama hawezi kula kwa shamba ya mkwe wake, hiyo ni aibu. Alikuwa anaandikanga bado, anapita. Mimi ndiye nilikuwa nakatisha. Sasa mashine imemwona haingii, na yenyewe imekataa kuingia. Haijakosea, imelelewa vizuri!"

Wakulima wakapiga makofi mpaka vitambaa vya kufuma vikateleza. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba wanawe watano, wote wamesomeshwa kwa miwa, hawana adabu ya kile kisanduku. Lusweti alikuwa amekuwa rangi ya ramani yake. Wiki sita za mashimo zilimpita usoni, moja baada ya nyingine. Lakini msomi hafi upesi. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ngoja. Joash amemwoa Sellah. Sawa. Patroba amemwoa Pascalia. Sawa. Na Jairus Osiako amemwoa nani?"

Mitchel alikuwa anammiminia Mkurugenzi chai. Aliendelea kummiminia. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, na tai ya kwanza ya Mkurugenzi ikafanya kazi iliyotabiriwa.

"Jairus hajaoa," alisema mtu.

"Afadhali!" Lusweti alipumua. "Basi huyo mmoja mashine imekosea."

"Hm," akasema Barnaba, akitazama birika.

"Jairus gani?" aliuliza Were kutoka nyuma.

Mkurugenzi, akijipangusa, aliagiza shida itatuliwe kabla ya chakula. Lusweti akasema ni rahisi, na ndiyo faida ya kuoza mashine mbili: ambapo Mwanafunzi amejifunza vibaya, Askari anapewa amri ya kumsaidia. Akakaa kwenye kibodi, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Kama mwenye shamba ni mkwe wa Maximilla Navalayo, usimwulize Mwanafunzi. Mwulize Barnaba." Akaandika jina la Joash. Barnaba akasema tayari. Printa ikakoroma na kutema kibali. Akaandika Patroba. Kibali. Nje, nyuma ya trekta, wanaume wawili walikumbatiana bila kutoa sauti.

"Sasa huyu Jairus. Mama, nimwandike kuwa mkwe, au nisimwandike?"

Maximilla akarudi kuhesabu mabati ya dari.

"Kama si mkwe, haina tatizo," alisema Lusweti kwa moyo mweupe kabisa. "Tunaenda wote shambani kwake sasa hivi, wewe uonje, turekebishe Mwanafunzi. Mheshimiwa atapenda kuona. Mpiga picha yupo."

Wanawake waliokuwa pale walishika videvu. Walikuwa wameuona mtego. Akisema si mkwe, itabidi atafune muwa mbele ya Jairus, na kesho keshokutwa Jairus akija kumposa Mitchel, picha itakuwepo, maji kidevuni na yote. Akisema ni mkwe, amemwoza binti yake mbele ya Mkurugenzi na kuku kumi na wawili, kabla ya wajomba kukaa, kabla ya ng'ombe hata mmoja kutajwa, na kabla ya Were kuelewa ni Jairus gani. Na akikaa kimya, Askari atakaa kimya naye, na muwa wa kijana wa watu, ambao umeshatoa maua kichwani kama mzee mwenye mvi, utageuka kuni.

"Mama," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya mazishi ya kitaifa, "historia inakusubiri. Mashine hii haijui labda. Ni ndiyo au hapana."

Hapo Jairus, ambaye hajawahi kusema neno kwenye mkutano, akasema neno. Lakini kwanza aligeuka. Aliupa mgongo ukumbi wote, akajisogeza nyuma ya mlango mpaka ikabaki kofia tu, ili asitazamane na kiti cha Maximilla, na kutoka huko nyuma akaongea na ukuta.

"Mheshimiwa, tafadhali msimsumbue Mama. Wacheni tu huo muwa ukauke."

Maximilla aliutazama mlango. Aliutazama kwa muda aliozoea kuchukua katikati ya shamba, akiwa ameshagonga na anasikiliza. Mitchel alikuwa ameweka birika chini na kulikumbatia tena. Hata feni zilionekana kupunguza mwendo.

"Mwandike," alisema Maximilla.

Ofisi ikalipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, Barnaba akampigia Were makofi ya mgongoni, Were akauliza tena ni Jairus gani, mchungaji akafikiri zamu yake imefika, akaanza kuomba. Mkurugenzi alinyosha mikono yote miwili, akatangaza kwamba siku hii, hapa Kakamega, akili inayojifunza na akili inayotii zimefunga ndoa, na kutokana na ndoa hiyo imezaliwa ndoa nyingine, na kwamba vizazi vijavyo vitauliza ni nini kilichomsukuma mama huyu wa kawaida kutamka neno hilo kubwa. Akamwinamia na kalamu mkononi. Ni nini, Mama?

"Muwa unakauka," alisema Maximilla.